Zamu ya Jiwe la Juu

Mji mkuu wetu una uso na una kisogo. Uso uko ng'ambo ya pili ya mto: wizara, benki, hoteli ya vioo, na taa za barabarani ambazo hakuna anayekumbuka kuzizima mchana. Kisogo ni huku, ambako lami inaishia darajani na mitaro inaanzia hapohapo. Mto unapita katikati na kusikiliza pande zote mbili, lakini wakubwa huuita "mto wetu" wanapohutubia, na "uchafu wenu" wanapotuma askari wa jiji.

Mwaka ule jiji lilitaka kujisifu. Mameya wa miji mingine iliyojengwa kando ya mito walikuwa wanakuja kwa mkutano, na kila mmoja alipaswa kuondoka na kitabu kikubwa cha picha kinachoeleza uzuri wa mji huu. Kitabu kilitaka mto, na mto ulitaka watu, maana picha ya maji matupu haimshibishi mgeni. Ndipo afisa habari wa jiji akavuka daraja na mpiga picha wake, wakashuka hadi kwenye ngazi za madobi.

Ngazi zile ni za mawe, zimelainishwa na visigino vya wanawake. Juu yake kidogo mto unakata kona, na nyuma ya kona kuna kiwanda cha ngozi. Jua likifika utosini kiwanda hupiga king'ora na kufungua bomba lake. Kabla ya hapo maji ni maji. Baada ya hapo hushuka kitu kingine, leo cha zambarau, kesho cha kutu, chenye kunuka mzoga uliotiwa dawa. Kitu hicho kimepasua kucha za madobi wote na kuwatia watoto wao vipele, na barua za malalamiko ziliishia mapokezi ya jiji.

Kwa hiyo madobi walijitungia sheria yao. Mmoja husimama kwa zamu kwenye jiwe la juu na kuitazama kona. Akiiona rangi, hupiga ukelele mmoja tu: "Nyanyua!" Hapo kila aliye na kitu majini hukitoa, awe ameshakipaka sabuni au bado. Hakuna swali. Kuna wanawake pale ambao hawajasalimiana tangu wagombanie kamba ya kuanikia, lakini mmoja akiwa zamu humpigia mwenzake ukelele. Bibi mmoja mkongwe, aliyewafundisha kazi karibu wote, alikuwa akisema, "Hata kama aliye majini ni mke mwenzio, mpigie. Ugomvi mtaendelea nao mkiwa na nguo safi."

Siku ya picha, zamu ilikuwa ya mkwe wa bibi huyo. Wenzake walimwita Mama Foronya, kwa sababu ya foronya moja aliyoipoteza zamani akailipia mwaka mzima. Alikuwa amefika na mzigo wa mashuka ya hoteli ya vioo, meupe yote, ameyalowanisha kando ya jiwe.

"Baki hivyohivyo, mama," afisa habari alimwambia. "Mwanga umekaa vizuri."

"Jua limefika utosini, baba. Sasa hivi maji yatabadilika."

"Nimeshaongea na kiwanda. Leo hawafungui."

"Umeongea nao kweli?"

"Mama, mimi ni mtu wa jiji. Halafu hiyo kelele yenu leo hapana. Mpiga picha hataki watu wakurupuke."

Mama Foronya alimwangalia. Shati la yule kijana lilitiwa wanga sawasawa, kola imenyooka, mikono ina mstari mmoja tu. Dobi ana udhaifu wake kama watu wengine, na udhaifu wa Mama Foronya ulikuwa huo: aliamini kwamba mtu mwenye kola kama ile hawezi kusema uongo mchana kweupe. Akabaki hivyohivyo.

King'ora kililia. Akageuka kumtazama afisa, na afisa akasema ni mlio wa kubadilishana wafanyakazi tu. Kisha akaiona rangi ikitoka konani, zambarau na kutu kwa pamoja, imetanda mto mzima. Alifungua mdomo. Afisa akainua kiganja mbele ya uso wake. "Tulia, tulia, tulia! Hivyo hivyo!" Mpiga picha naye alikuwa anachekelea kama mtoto aliyeona keki. Ukelele ulipotoka, ulitoka umechelewa.

Kila dobi alipata doa lake. Mashuka ya hoteli hayakupata doa, yaligeuka rangi.

"Zamu yako," mwenzake mmoja alimwambia huku akikamua suruali ya mteja iliyoharibika, "huo mdomo uliupeleka wapi?"

Mama Foronya alishika shuka moja kwa mikono miwili juu ya jiwe, akalitazama, na mpiga picha akampiga picha nyingine hapohapo.

*

Mlango wa madobi katika hoteli ya vioo uko nyuma, kando ya mapipa ya takataka. Meneja alitoka, akanyanyua pembe ya shuka kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

Mama Foronya alieleza yote, kuanzia kiwanda hadi kiganja cha afisa. Meneja alisikiliza hadi mwisho, na hilo lilimpa mama wa watu matumaini. Kisha akatoa simu, akampigia afisa habari, akaiweka sauti nje ili wote wasikie.

"Hao?" sauti ya afisa ilisema. "Sisi tulipiga picha tu. Madobi wale ndio wanaochafua mto, tuna mpango wa kuwaondoa. Usikubali wakusingizie jiji."

"Baba, si ulikuwa umesimama na mimi!" Mama Foronya alipaza sauti kwenye simu, lakini ilikuwa imekatwa.

"Sasa sikia," meneja alisema. "Nikikuripoti, hakuna nyumba upande huu itakayokupa hata kitambaa cha kufutia meza. Sitaki tufike huko. Zile pasi zako mbili unazojisifia, zile za mkaa zenye jogoo, zilete hapa. Zitakaa hadi mashuka yalipwe."

"Nitapigia nini nguo, meneja?"

"Hilo ni swali lako."

Pasi zile zilikuwa za mama mkwe wake, na kabla yake za mama yake. Nguo za harusi, za maziko na za kuapishwa wakubwa zilipita chini yake. Mama Foronya alizipeleka jioni ile, amezifunga kwa kanga kama mtoto mgonjwa. Aliporudi wiki iliyofuata kuomba apewe walau moja, alizikuta mapokezini juu ya meza ya kioo, zimetiwa maua. Wageni walikuwa wanapiga nazo picha.

Mlinzi alimwambia asisimame pale, anaziba.

*

Mume wake alikuwa fundi wa mabango. Alikuwa mtu mpole, tena mpole kupita kiasi, wa kumeza kila kitu na kusema kimeshuka. Siku moja alirudi amejaa gundi hadi kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda bila kumwangalia mtu.

"Umepata kazi?" mama yake, yule bibi, aliuliza kutoka kitandani pake. Macho ya bibi yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini masikio na pua vilikuwa vya msichana.

"Nimepata. Bango la jiji, pale mwanzo wa daraja. Kubwa."

"La nani?"

Alikuna gundi kwenye kucha kwa muda mrefu. "La mama watoto."

Mama Foronya aliacha kupakua chakula. "La nani?"

"Ni wewe. Umesimama kwenye jiwe na lile shuka. Limeandikwa 'Watia Rangi wa Mtoni: Sanaa ya Mababu Zetu.'"

Kwanza alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na bibi naye akaanza kucheka kwa kufuata mkumbo, bila kujua ni kwa nini. Kisha kicheko kikakatika.

"Watu wa jiji wanajua lile shuka lilipataje ile rangi?"

"Wanajua."

"Na wewe ukabandika."

"Nisingebandika mimi, angebandika mwingine."

"Sawa," mkewe alisema, akaivuta sahani aliyokuwa amempakulia. "Basi na chakula hiki usipokula wewe, atakula mwingine."

Mume alitoka nje akanawa mikono, akarudi akaketi palepale. Bibi ndiye aliyemsogezea sahani yake mwenyewe, akisema kwamba nyumba isiyo na pasi haiwezi tena kukosa na mume.

Kuanzia siku ile Mama Foronya alivuka daraja akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anafua bila kupiga pasi, kazi ya malipo ya huruma, akipeleka nguo zimekunjamana kama uso wa aliyelia, na kila akipita anajikuta juu ya kichwa chake mwenyewe, mkubwa kuliko nyumba, akitabasamu. Hakumbuki kutabasamu. Alikuwa amekunja uso kwa uchungu, na huko mjini wameuona ni tabasamu.

*

Afisa habari alikuja nyumbani siku chache kabla ya mkutano. Alisimama uani akitafuta mahali pakavu pa kuweka kiatu.

"Mama, siku hizi wewe ni maarufu."

"Nasikia."

"Mameya wametumiwa picha za kitabu. Wote wanataka kuwaona watia rangi."

"Hapa hakuna watia rangi. Kuna madobi, na mnataka kuwafukuza."

"Kwa siku moja mtakuwa watia rangi. Utasimama kwenye lile jiwe kama kwenye picha. Mstahiki Meya na wageni watashuka ngazi, watashika shuka jeupe majini pamoja, wapigwe picha, basi. Rangi ya kuonyesha tutaleta sisi, ya unga, kwenye ndoo." Akapunguza sauti. "Nimeongea na meneja. Siku hiyo ikiisha vizuri, jioni pasi zako unazo."

Mama Foronya alikuwa amejiapiza kumtukana mtu huyu siku watakapoonana, matusi alishayapanga na kuyanyoosha, na sasa yote yalimtoka kwa neno pasi.

"Na kiwanda?" aliuliza.

"Kiwanda kimekubali. Bomba litafungwa hadi saa tisa alasiri. Wageni watafika saa saba, saa nane tumeshaondoka."

"Kumbe linafungika."

"Nini?"

"Bomba. Kumbe mtu akisema nao, linafungika."

"Wanapata hasara, mama. Haiwezekani kila siku."

"Siku ile uliniambia umeongea nao."

Afisa alitazama saa yake. "Siku ile hakukuwa na wageni," alisema, bila ubaya wowote, kama anayemweleza mtoto kwa nini maziwa yamekwisha. Akageuka kuondoka, kisha akakumbuka. "Halafu ile kelele yenu. Tafadhali. Siku hiyo hata kukohoa sitaki. Utapiga kelele meya wa watu atumbukie mtoni, iwe aibu ya taifa."

Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni akimenya vitunguu, alivuta pua tu.

*

Siku ya wageni madobi walivalishwa sare za maua, za kuazimwa. Bibi naye aliletwa na kuwekwa kwenye kiti nyuma ya jiwe la juu, kwa sababu jiji lilitaka kuwe na "mzee wa sanaa". Jua lilifika utosini, likapita, na king'ora hakikulia. Madobi waliutazama mto. Wengine wameolewa mtaa ule wakiwa wasichana, na hawakuwahi kuuona mchana hivi, mweupe hadi mawe ya chini yanaonekana na visamaki vinacheza juu yake. Mmoja wao, yuleyule wa suruali iliyoharibika, alianza kulia kwa hasira.

"Siku zote hizi," alisema. "Siku zote hizi, jamani, ilikuwa ni kusema tu?"

Saa saba ilipita. Saa nane ikapita. Wageni walikuwa hotelini wanakula, na wakubwa wetu wakikaa mezani hawajui kwamba saa ni mali ya watu wengine pia. Mashua yao yenye mapambo ilifika saa tisa ikikaribia. Walishuka wamevalishwa majoho meupe yenye nembo ya mto, Mstahiki Meya mbele, ameshiba, anawapungia mkono watu ambao alikuwa ameshatia sahihi waondolewe.

Meya mmoja mgeni, mama wa makamo mwenye miwani, alimsogelea Mama Foronya, akashika kipande cha shuka la zambarau lililotundikwa kwa maonyesho, akauliza kitu kwa lugha yake.

"Anauliza rangi nzuri hivi mnaitoa wapi," afisa habari alisema.

Mama Foronya aliufikiria moyo wake, akazifikiria pasi. Kisha akasema, "Mwambie ni uchafu wa kiwanda kile pale nyuma ya kona. Mwambie hilo shuka ni la hoteli wanayolala, na mimi ndiye ninayelilipa."

Afisa alimgeukia mgeni na uso uliochangamka, akasema ni siri ya ukoo, haitolewi. Mgeni akacheka, akaweka kidole mdomoni kuahidi kuitunza siri, na wenzake wote wakapiga makofi. Mama Foronya aliyasikia makofi yale na kuelewa kila kitu. Alikuwa amesema ukweli wake wote, na wamempigia makofi.

"Leo nimekusamehe," afisa alimnong'oneza. "Usirudie. Nenda kwenye jiwe lako."

Akaenda. Mstahiki Meya na wageni walishuka hadi ngazi ya mwisho, wakavua viatu, wakaingia majini hadi vifundoni wakicheka ubaridi, wakalishika shuka kubwa jeupe kila mmoja kwa upindo wake. Pembeni yao madobi waliinama na vitambaa vyao, kama walivyoelekezwa. Mpiga picha alirudi nyuma hatua kwa hatua kuwapata wote.

King'ora kililia.

Mstahiki Meya aliinua mkono kuitikia, akidhani anasalimiwa. Afisa habari alikuwa ameupa mto mgongo, anawapanga watu wa televisheni, saa tisa imemtoka kichwani kabisa. Lakini kila dobi aliinua uso na kutazama jiwe la juu.

Mama Foronya aliitazama kona. Kiwanda kilikuwa kimeweka tumboni uchafu wa mchana mzima, na sasa kiliutoa wote kwa mkupuo. Aliuona ukizunguka kona, mzito, una povu la kutu kwa juu. Muda wa kuwaonya ulikuwapo. Ukelele mmoja na kila joho lingetoka jeupe, Meya angemshukuru mbele ya kamera, na jioni pasi zingekuwa nyumbani. Na juu ya hayo kulikuwa na sheria. Hata aliye mke mwenzio. Akafungua mdomo.

Afisa habari aligeuka ghafla, akamwona amefungua mdomo. Akainua kiganja, kama siku ile. "Tulia," alisema kwa midomo bila sauti. "Tulia."

Akatulia. Aliinua mkono mmoja tu, polepole, kama mtu anayejifuta jasho, na ngazi nzima ya madobi ikanyanyua nguo zake kutoka majini, kimya kimya, bila hata tone kudondoka kwa kishindo.

Wakubwa peke yao ndio waliobaki ndani. Rangi iliwafikia wakitabasamu.

Ilianza kwenye upindo wa joho la Meya, ikapanda. Yule mama wa miwani aliruka nje akipiga kelele na kushika miguu. Mwingine aliteleza, akakaa chini majini na joho lake lote. Shuka kubwa lilizama, likaibuka zambarau. Na harufu ikafika, ile harufu yetu ya kila siku, wakaanza kuziba pua kwa mikono iliyokuwa na rangi na kujipaka usoni. Watu wa televisheni hawakuzima kitu.

Afisa habari alipanda mbio hadi kwenye jiwe. Kola yake ilikuwa imelegea.

"Uliona! Uliona inakuja! Kwa nini hukupiga kelele?"

"Ulisema hata kukohoa hutaki," Mama Foronya alijibu.

*

Jioni mume wake aliketi kwenye kigoda bila kuulizwa kitu. Alikuwa ameshaitwa kwenda kuliteremsha lile bango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amewajibu watu wa jiji kwamba anaumwa. Pasi hazikuja, na wote watatu walijua haziji tena. Mtaani watu walikuwa wanacheka hadi wanakaa chini, wanaigiza Meya alivyoruka, lakini Mama Foronya hakuwa na kicheko. Alikuwa anakosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi.

Hatimaye alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda cha bibi.

"Mama, nisamehe. Nimevunja sheria yako. Niliona, na mdomo nikaufunga. Wala si kwa sababu ya yule kijana. Nilitaka wapate."

Bibi alinyoosha mkono gizani, akaushika mkono wa mkwe wake, akazipapasa kucha zake zilizopasuka, moja baada ya nyingine.

"Mimi nilikuwa nyuma yako pale kwenye kiti," alisema. "Macho sina, lakini pua ninayo. Nilisikia harufu kabla wewe hujaona kitu, mwanangu. Nikanyamaza."